Kamusi ya simu niliyoipima kwa neno moja

Kazi yangu ni kufasiri vipeperushi vya afya, na kila kamusi mpya naipima kwa neno moja: "superficial". Kamusi iliyotengenezwa kwa haraka hujulikana hapo hapo.

Hii ya Kiingereza na Kiswahili niliyoipakua mwezi uliopita ilinijibu: "-a juujuu, -siyo na kina". Basi. Hakuna hata sentensi moja ya mfano.

Jibu lenyewe si la uongo. Asili ya neno ni Kilatini, "super" juu na "facies" uso, nasi pia husema uso wa maji, uso wa dunia. Shida ni matumizi. Daktari akiliandika kuhusu jeraha la moto, anapima tu: moto umeishia tabaka la nje la ngozi, pamekuwa pekundu, panauma, hapana malengelenge. Mwalimu akiliandika pembeni mwa insha, hapo amekukosoa: umeigusagusa mada, hukuichimba. Likisemwa juu ya mtu linachoma zaidi, kwamba anajali sura na mavazi, ndani hamna kitu. Na mto wenye maji ya magotini hauitwi hivyo. Huo ni "shallow". Anayeitegemea hiyo "-siyo na kina" atauita hivyo bila wasiwasi.

Kwangu hilo si kosa dogo. Kuna mshipa mkubwa wa paja uliozoeleka kuitwa "superficial femoral vein", ilhali ni miongoni mwa mishipa ya ndani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionya kwamba jina hilo liliwapotosha madaktari wengi, wakachukulia damu iliyoganda humo kuwa jambo jepesi, kumbe inaweza kuua. Ikiwa waliosomea udaktari walipotea, mfasiri mwenye tafsiri mbili kavu atashika wapi?

Matamshi yaliyorekodiwa ni safi, mkazo uko kwenye "fi" panapostahili, na programu inafanya kazi bila intaneti. Kwa hayo sijaifuta. Nimewaandikia watengenezaji nikiomba sentensi tatu tu chini ya neno hili: moja ya jeraha, moja ya insha, moja ya mtu. Wakiziweka, nitaipendekeza kwa wafasiri wenzangu. Kwa sasa naisikiliza matamshi, halafu nafungua kamusi yangu nene ya karatasi.