Filta ya oili kwa Prado, Hilux na wenzao: ipi ya kununua Unguja na Pemba

Kwa gari ya dizeli ya foo wili ya miaka hii ya karibuni, mimi filta za oili nazipanga hivi. Ya kwanza ni jenuini, yaani ya kampuni ya gari yenyewe, iliyoagizwa kwa namba ya chesisi, kwa wakala au kwa muuzaji anayetoa risiti na anayekubali kuirudisha ikiwa siyo. Ya pili ni filta ya kampuni inayouza kwa jina lake mwenyewe, kama Denso, Mann-Filter, Mahle, Sakura au VIC. Ya tatu, tena nyuma sana, ni ile iliyomo ndani ya boksi la Toyota ambalo hakuna anayejua limetokea wapi. Ya nne, ambayo naomba usiinunue kabisa, ni filta isiyo na jina la maana inayouzwa kwa kuwa ni rahisi basi.

Wapo watakaouliza kwa nini Sakura ikae juu ya boksi la Toyota. Jawabu ni kwamba feki hutengenezwa kwa kufuata jina lenye wateja wengi, na kwetu hakuna jina lenye wateja wengi kuliko Toyota. Mwenye kiwanda cha kughushi hahangaiki sana na chapa ambayo fundi mwenyewe haiulizi. Ndiyo maana filta ya kampuni ya pembeni, ikiwa kwenye boksi lake na kwa bei yake ya kawaida, mara nyingi ni salama kuliko "jenuini" ya bei ya kutupa. Jina lililoandikwa kwenye boksi lina thamani pale tu unapojua lilipita mikono ya nani mpaka kufika dukani.

Zamani hili halikuwa na uzito huu. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, haina tabo (feni ya kusukumia hewa ndani ya injini), na pampu yake ya dizeli ni ya kimekanika. Injini ile ilivumilia mengi. Lakini Prado na Hilux za dizeli zinazoteremshwa bandarini siku hizi nyingi zina 1KD ya lita 3.0, au 1GD ya lita 2.8 iliyoanza mwaka 2015. Ndani yake mna tabo ambayo shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikiwa imebebwa na utando mwembamba wa oili. Tena mna mfumo wa kurudisha moshi kwenye injini ili kupunguza uchafuzi wa hewa, na moshi huo huja na masizi yanayoishia kwenye oili. Filta ndiyo inayosimama kati ya uchafu huo na vyuma.

Ukiikata filta ya kopo, ile ya bati inayofungwa kwa kuzungushwa, utaona unacholipia. Kuna karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi. Mikunjo ikiwa michache au imeachana, nafasi ya kunasa uchafu ni ndogo na hujaa mapema. Kuna vali ya dharura, ambayo filta ikiziba hufunguka oili ipite bila kuchujwa ili injini isikauke. Springi ya vali hiyo ikiwa legevu, oili itapita chafu kila siku na wewe huna habari. Halafu kuna kipande cha mpira kinachozuia oili isirudi chini gari ikizimwa. Kwenye filta nzuri mpira huo huwa laini na hustahimili joto, mara nyingi ni wa silikoni. Kwenye filta rahisi hukakamaa baada ya muda mfupi, na dalili yake utaisikia asubuhi: unawasha gari, taa ya oili inakawia kuzimika, na injini inagonga kwanza kabla ya kutulia. Pale filta inapokaa imelala au mdomo umeelekea chini, kasoro hii huonekana haraka zaidi.

Basi ukiwa dukani, fungua boksi. Namba iliyopigwa kwenye kopo ilingane na ya kwenye boksi. Filta za kopo za Toyota nyingi huanza na 90915, na herufi na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotenganisha injini na injini. Tazama maandishi kama yamekaa sawa au yamevuja wino. Pitisha kidole kwenye nyuzi za skrubu, zisiwe na makombo ya chuma. Chungulia ndani ya matundu uone rangi na ulaini wa mpira. Njia iliyo bora kuliko zote ni kwenda na filta ya zamani ambayo una hakika nayo, ukazilinganisha uzito na umbile mkononi. Muuzaji anayekukataza kufungua boksi, muage kwa heshima uende duka jengine.

Kati ya hizo za nafasi ya pili, mimi kwa magari ya Kijapani naanza na Denso, kampuni yenye uhusiano wa karibu na Toyota tangu kuanzishwa kwake. Sakura ya Indonesia na VIC ya Japani ni chaguo la mtu anayefanya sevisi kwa wakati na hataki kulipa bei ya wakala. Mann-Filter na Mahle, zote za Ujerumani, nazipeleka zaidi kwenye Land Rover na magari mengine ya Ulaya.

Ford Ranger, Mazda BT-50 na Land Rover zina jambo lao. Nyingi kati ya hizo hazina filta ya kopo. Hutumia kichujio cha karatasi kitupu kinachoingia ndani ya kikombe chenye kifuniko. Hapo hakikisha unapewa na ringi mpya ya mpira, kwa sababu ya zamani hubanika na kuvuja. Na kama una Ranger au BT-50 yenye injini ya lita 2.2 au 3.2, mwambie fundi mapema asiiache sampu (bakuli la oili chini ya injini) wazi oili ikachuruzika huku yeye amekwenda kusali au kunywa chai. Injini hizo zikikaa tupu zaidi ya dakika 10 hivi, pampu ya oili inaweza kushindwa kuvuta tena, na gari ikawashwa bila presha. Kila kitu kiwe tayari pembeni kabla ya kufungua nati: filta, ringi, oili mpya.

Filta bila oili inayofaa ni kazi bure. Kwa 1KD na wenzake wasio na kichujio cha masizi kwenye ekzosi, oili ya daraja la API CI-4 au CK-4 ni ya kuaminika, na uzito wa 15W-40 unakubaliana na joto letu. Ila Prado ya 1GD iliyotoka Japani ina kichujio cha masizi, na hiyo inataka oili ya majivu machache: tafuta kopo lenye alama ya JASO DL-1, au ACEA C2 au C3 ikiwa kitabu cha gari kinaruhusu. Ukiitia oili ya lori kama hiyo CI-4, majivu yatakusanyika kwenye kichujio hicho, na majivu hayaungui kama masizi. Kuna la kuangalia zaidi. Gari ya namna hii ikizungushwa mjini tu, Amani mpaka Darajani na kurudi, haipati nafasi ya kumaliza kuunguza masizi yake, na dizeli huteremka ndani ya oili. Ukikuta kipimo cha oili kinapanda badala ya kushuka, usifurahi. Badilisha oili hiyo, kisha kila baada ya muda ipeleke mbali, Nungwi au Makunduchi, kwa mwendo wa kutulia.

Injini hizi za 1KD na 1GD zinachukua lita 7 hivi. Galoni moja la lita 5 halitoshi, na kujazia oili ya aina nyengine iliyobaki gereji ndiko kunakoharibu hesabu yote. Wala usiipime oili kwa rangi. Oili nzuri ya dizeli hugeuka nyeusi mapema kwa kuwa inayabeba masizi yasigande kwenye vyuma. Pima kwa kilomita na kwa miezi: 5,000 au miezi sita, kinachotangulia. Kisiwani kwetu safari ni fupi, unyevu ni mwingi, na injini nyingi hazipati moto wa kutosha kukausha maji yaliyojikusanya ndani. Na filta ibadilishwe kila unapobadilisha oili. Ile desturi ya "filta safari ijayo" inaacha oili chafu ndani ya kopo ichanganyike na mpya siku ileile.

Wenye 1KD nawasihi jambo moja ambalo hakuna filta itakayolitibu. Wosha za shaba chini ya injekta (vifaa vinavyopuliza dizeli ndani ya injini) zikivuja, gesi ya mwako huingia kwenye oili na kutengeneza kaboni ngumu inayoziba chujio la waya chini ya sampu. Chujio hilo linakuja kabla ya pampu na kabla ya filta. Likiziba, oili haipandi, na injini hufa na filta yake mpya ya jenuini. Ukisikia "chaf, chaf" ya hewa juu ya injini, au oili ikawa nzito kama lami, wosha zibadilishwe na sampu iteremshwe ikaguliwe.

Ikibidi ubane matumizi, usibane kwenye filta ya dizeli. Mfumo wa komoni reli, yaani bomba moja linalolisha injekta zote, husukuma mafuta kwa presha inayopita bar 1,500, na tone la maji likifika kwenye injekta gharama yake inazidi sevisi za miaka. Hapo mimi nasema jenuini au Denso tu, na maji yaliyokaa chini ya filta yatolewe mara taa yake inapowaka. Dizeli ya kwenye madumu ya kando ya njia iepuke.

Siku ya sevisi simama karibu. Ringi ya filta ya zamani isibaki imeganda kwenye injini, kwa sababu ringi mbili zikikutana oili yote itamwagika njiani. Ringi mpya ipakwe oili kidogo, filta ikazwe kwa mkono mpaka iguse, halafu robo tatu ya mzunguko, bila kupigwa spana. Wosha ya nati ya sampu iwe mpya. Filta ya zamani mwombe fundi aikate: chembe zinazonata kwenye sumaku ni chuma, na zenye rangi ya shaba zisizonata zinatoka kwenye beringi. Oili chafu iwekwe kwenye dumu lenye mfuniko. Maji tunayokunywa Unguja na Pemba yanatoka chini ya ardhi hiihii ya mawe yenye matundu, na kinachomwagwa nyuma ya gereji hakina kizuizi cha kukisimamisha.

Walioko Pemba, iwe Wete, Chake au Mkoani, ambako mzigo hungojea boti, waagize filta za sevisi mbili kwa pamoja, za oili na za dizeli, na wosha zake. Ziache ndani ya mifuko yao zikiwa zimefungwa, sehemu kavu. Ukiifunga mpya, iandikie kwa kalamu ya wino mzito tarehe na kilomita juu ya kopo, ili fundi atakayeifungua asilazimike kukuuliza.