Skani ya makende hapa Kisumu, nampa nyota nne

Naandika hii juu mimi mwenyewe nilitafuta mtu wa Kisumu ameeleza vile hii kitu huenda nikakosa. Mwezi uliopita nikioga nikagusa kitu kama punje ya njugu kwa kende la kushoto, haiumi, haiwashi, iko tu. Nikakaa nayo wiki tatu nikijidanganya ni kurushwa na boda. Kilichonitoa ni mpira, tulikuwa tunabishana kuhusu Haller wa Ivory Coast jamaa mmoja akasema si huyo ndio alipatikana na saratani ya kende, na ni kweli, Julai 2022 amefika tu Dortmund wakampata nayo, akapasuliwa mara mbili na kemo (zile dawa kali za saratani) juu, Januari 2023 akarudi uwanjani, Februari 2024 akawafunga Nigeria bao la ushindi fainali ya AFCON. Hiyo usiku sikulala.

Kliniki ni kadogo, iko juu ya maduka ukitoka Kibuye kuenda Kondele, jina siandiki juu nina malalamiko. Dada wa mapokezi aliniuliza shida yangu kwa sauti ya makanga, na nyuma yangu kuna wamama wawili na mzee na gazeti lake. Nikasema tumbo. Akaandika tumbo! Basi nikapoteza lisaa limoja nikifinywa tumbo ambalo haliumi. Nusu ya makosa ni yangu lakini hata kakaratasi ka kuandika shida yako hawana?

Sasa daktari mwenyewe, huyo namsifu. Hakucheka, hakunihubiria. Alisema oga maji moto kwanza ndio ngozi ilegee, alafu shika kende moja moja kati ya kidole gumba na vile viwili vya mbele, uzungushe pole pole vile mtu huchagua mawe kwa maharagwe. Nyuma utapata kitu laini kama kamba, hiyo ni yako, ni mrija wa mbegu, usishtuke. Moja kuning'inia chini kuliko ingine pia ni kawaida. Unatafuta uvimbe mgumu, ama kende limekua kubwa ama zito kuliko vile unalijua, na usingoje maumivu juu mara nyingi haiumi. Mara moja kwa mwezi imetosha. Mimi nilidhani ni ugonjwa wa wazee kama ile ya tezi dume, kumbe hii hupenda vijana, miaka 15 hadi 35 hivi, na ikishikwa mapema zaidi ya watu 95 kwa 100 hupona. Kama ulizaliwa kende halijashuka, wewe chunga zaidi.

Skani nililipa 2,500, M-Pesa. Ile jeli ni baridi kuliko ziwa saa kumi na moja asubuhi, jipange. Dakika kumi tumemaliza, na yangu ilikuwa kafuko ka maji tu kwa ule mrija, hata dawa sikupewa. Ingekuwa ni kitu kigumu ndani ya kende ningepimwa damu nitumwe kwa mpasuaji, na hawakati kipande cha kupima, wanatoa lote kupitia kwa kinena. Hiyo nilimeza mate.

Jumamosi wanafunga saa saba. Ukifika mapokezi sema umekuja skani, usiseme tumbo.