Uzoefu wangu: betri ya "orijino" iliyonigomea ukumbini

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwahubiria wapiga picha wenzangu kwamba betri ya kamera hununuliwa ile ya kampuni iliyotengeneza kamera yenyewe, na kwamba mwenye kununua ya pembeni asije akalia mbele yangu itakapomgomea. Naandika haya nikiwa na hasira ambayo haijapoa, kwa sababu betri iliyonivunjia heshima mbele za watu haikuwa ile mbadala niliyokuwa nikiidharau, bali ile niliyoilipia bei ya orijino, nikaisifia, na hata nikaitengea mfuko wake peke yake kama mtoto wa kwanza.

Kamera yangu ni Canon EOS 80D, iliyotoka mwaka 2016, na mpaka leo haijaniangusha, kwa hiyo ugomvi wangu si na kamera wala na kampuni yake. Betri zake ni za ukoo wa LP-E6, ulioanza na kamera ya 5D Mark II mwaka 2008, na tangu hapo zimekuwa zikibadilishwa herufi za mwisho huku umbo likibaki lile lile. Nadhani balaa linaanzia hapo, maana umbo lililodumu muda mrefu hivyo na kuingia katika kamera nyingi hivyo haliwezi kukosa waigaji.

Betri iliyonigomea niliinunua Kariakoo, katika fremu moja ambayo sitaitaja, miezi kadhaa kabla ya mkasa wenyewe. Kijana muuzaji aliniwekea betri mbili juu ya kioo cha kaunta. Ya kwanza ilikuwa mbadala, yenye jina la watengenezaji wake wenyewe, kwa shilingi 45,000. Ya pili ilikuwa na jina la Canon, ndani ya boksi lenye stika inayong'aa, kwa shilingi 180,000, tukavutana mpaka 160,000. Nilimwuliza mara mbili kama ni orijino. Akanijibu mara mbili, na mara ya pili kwa kuniapia: "Dada yangu, orijino kabisa, mimi siuzi takataka." Nilichukua zote mbili, ile ya bei rahisi ikiwa ya dharura tu, nikatoka nikijiona mwerevu. Risiti ya EFD sikuidai, kwa kuwa aliniambia nikiitaka bei itapanda. Kosa hilo ni langu na ninalikiri, ingawa ninalikiri kwa shingo upande.

Siku ya siku ilikuwa sendoff ya binti wa familia moja ya Kichaga, ukumbini Sinza. Usiku wa kuamkia shughuli niliichaji betri yangu ya heshima mpaka taa ya chaja ikatulia kwenye kijani, na asubuhi nilipoitia kwenye kamera niliona inabana kidogo. Sikujiuliza inabana kwa nini. Niliisukuma kwa kidole gumba mpaka ikalia tiki, nikafunga kifuniko, nikaenda zangu.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka walipoingiza ndafu. Mbuzi mzima aliyechomwa, majani mdomoni, akisukumwa kwenye kitoroli na mpishi akicheza mbele yake, na ndipo baba wa binti, mzee ambaye jioni nzima alikuwa amekaa kimya na kofia yake magotini, alipoinuka na kuanza kucheza. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Nilipiga magoti, nikamweka mzee katikati ya picha, alama ya betri ikinionyesha imejaa, nikabonyeza, na kamera ikazimika. Haikutoa onyo wala kushuka hatua kwa hatua kama zinavyofanya betri zenye adabu. Ilikatika kama umeme wa mtaani.

Nilifungua kifuniko ili niichomoe na kuweka ile ya elfu arobaini na tano, ambayo ilikuwa mfukoni mwangu, imejaa, inasubiri. Haikutoka. Nilibonyeza kile kidude cha kuiachia, haikusogea. Niligonga kamera kwenye kiganja, nikachokonoa kwa kucha mpaka kucha ikakatika, na nilipopitisha kidole juu ya betri nilihisi kwamba imetuna kama andazi na ina joto. Msaidizi wangu alikuwa nje akiwapiga wageni picha kwenye bango, na MC, kwa ucheshi wake ambao siku hiyo sikuuona, akatangaza kwenye maikrofoni kwamba mpiga picha wetu ameguswa, anasali. Mzee alicheza labda dakika mbili, labda tatu, kisha akakaa, akafuta jasho, akairudisha kofia magotini.

Fundi wangu wa kamera, ambaye namwita mjomba ingawa hatuna udugu wa damu, aliitoa siku iliyofuata kwa kubandika tepu ngumu mgongoni mwake na kuivuta taratibu huku akiichezesha kushoto na kulia. Hakutaka hata kusikia nikitaja bisibisi, kwa sababu betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka moto, na iliyovimba tayari imejaa gesi inayotokana na kemikali zake kuharibika. Alinieleza kwamba ndani ya betri za aina hii mna seli mbili zilizounganishwa kwa kufuatana, kwa hiyo moja ikiwa dhaifu huporomoka ghafla kamera inapovuta umeme mwingi, na sakiti ya ulinzi hukata umeme wote hata kama seli ya pili bado ina nguvu. Kuhusu ile alama ya kujaa alisema kwa kifupi kwamba betri inayodanganya jina lake haishindwi kudanganya chaji yake.

Kisha aliiweka mezani, ikayumba kama kigoda kibovu, akachukua betri ya kweli ya mteja mwingine, akazipanga sambamba, akanionyesha jambo ambalo miaka yote hii sikuwa nimeliona. Kifuniko cha plastiki cha betri ya Canon kina tundu. Ukikivalisha upande mmoja, rangi ya buluu inaonekana kupitia tundu hilo. Ukikigeuza, buluu inapotea. Ni alama ya kumsaidia mpiga picha atofautishe betri iliyochajiwa na iliyokwisha, bila karatasi wala kalamu. Kifuniko cha betri yangu kilikuwa na tundu vilevile, lakini ukikivalisha hivi au hivi, chini yake hapakuwa na buluu yoyote. Walioiga waliliiga tundu bila kujua tundu ni la kazi gani. Nilikaa nikilitazama muda mrefu, nikihesabu mara ngapi nimekivua na kukivalisha kifuniko kile, mimi niliyejiita mzoefu.

Nilirudi dukani nikiwa nimejiandaa kuzungumza kistaarabu. Kijana aliitazama betri bila kuigusa. "Dada, umeichaji kwa chaja gani?" Nikamwambia ni chaja iliyokuja na kamera. "Uliiacha juani?" Hapana. "Basi umeichaji kupita kiasi." Nilipomwonyesha tundu lisilo na buluu alicheka, na kicheko kile ndicho kilichonikalisha kuandika haya. "Dada yangu, mimi nilikwambia ni orijino. Kuna mahali nilikwambia ni ya kampuni?" Nikamwuliza orijino basi ni kitu gani. Akanifafanulia kwa upole, kama mwalimu wa chekechea, kwamba kuna kopi, kuna orijino kopi, kuna orijino, halafu kuna ya kampuni, na kwamba kama nilikuwa naitaka ya kampuni ningesema naitaka ya kampuni. Kisha akaelekeza kidole kwenye maandishi yaliyobandikwa nyuma yake: Bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mteja aliyesimama kando yangu akitaka kununua memori kadi alinitazama mimi, akaitazama kadi aliyoishika, akairudisha juu ya kaunta polepole.

Najua ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na najua Tume ya Ushindani, yaani FCC, ina kazi ya kupambana na bidhaa bandia. Lakini nitakwenda kusema nini bila risiti? Nitasema kijana aliniapia?

Kwa siku kadhaa baada ya hapo niliapa kwamba sitagusa tena kitu kinachoitwa orijino, na kwamba nitatumia betri mbadala mpaka nizeeke. Kwa haki, ile ya elfu arobaini na tano haijanikosea hata mara moja. Siku ya kwanza kamera ilitoa ujumbe kwamba haielewani nayo vizuri, ikaniuliza kama niendelee, nikaendelea. Ule ukurasa wa menyu unaoonyesha afya ya betri siuamini sana inapokuwa ndani. Huisha mapema kuliko ile iliyokuja na kamera ilipokuwa mpya, na nikirekodi video tofauti naiona wazi zaidi. Hata hivyo imekuja mjini kwa jina lake yenyewe, haikuvaa jina la mtu, na kwa hilo nimejikuta naiheshimu kuliko nilivyotarajia. Tuliokuwa tukiziita zote "feki" tulikuwa tukichanganya vitu viwili: mtu anayetengeneza betri yake na kuiuza kama yake, na mtu anayebandika jina la mwenzake juu ya uchafu. Wa kwanza ni mfanyabiashara. Wa pili namwita mwizi, na sirudi nyuma katika neno hilo.

Ingawa hao wafanyabiashara nao wana maneno yao. Zipo betri mbadala zilizoandikwa ubavuni 2,800 mAh na zaidi, yaani kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba, ilhali Canon wenyewe, katika toleo la LP-E6NH la mwaka 2020, walifika 2,130 ndani ya umbo hilo hilo. Umbo halikupanuka. Sasa hiyo ziada imepenyezwa wapi? Yangu ina namba ya wastani, na nadhani ndiyo maana niliichagua siku ile bila kujua, lakini siwezi kuisifia bidhaa nzima ya aina hii kwa sababu ya moja iliyonifaa, kama vile nisivyopaswa kuilaani ya kampuni kwa sababu ya moja ambayo haikuwa ya kampuni.

Hayo ya mwisho niliyasema kwa urahisi zaidi baada ya shemeji yangu kurudi kutoka Dubai na kuniletea betri ya kweli, iliyonunuliwa kwa wakala anayetambulika, ikiwa na risiti ndani ya boksi. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kukivalisha kifuniko, nikakigeuza, nikakigeuza tena, buluu ikionekana na kupotea, mpaka shemeji akaniuliza kama ni mwanasesere. Inaingia kwenye kamera bila kusukumwa na inatoka yenyewe ukiiachia. Nilipiga nayo harusi kuanzia saloni mpaka wageni wanaondoka, nikaibadilisha kwa woga tu, si kwa sababu iliisha. Kwa hiyo narudi palepale nilipoanzia: nunua ya kampuni. Lakini si kila mtu ana shemeji Dubai, na ikiwa njia pekee uliyonayo ya kuipata ya kampuni ni kiapo cha kijana wa kaunta, basi mimi ningeichukua mbadala inayojulikana, tena mbili, na chenji nikala chakula. Au ningesubiri. Kusema kweli, inategemea umeniuliza siku gani.

Siku hizi kabla ya shughuli naziweka betri zote juu ya meza ya kioo, moja moja, na kuzigusa kwa kidole kuona kama kuna inayoyumba. Inayobana kwenye kamera haiendi kazini, hata kama imebana kidogo tu, hata kama ndiyo iliyojaa. Ya shemeji nimeipaka nukta ya rangi ya kucha. Iliyovimba iko kwenye debe la mchanga nyuma ya nyumba, kama alivyoniagiza mjomba, mpaka nipate pa kuipeleka, na wanangu wamekatazwa kulisogelea.

Wiki mbili baada ya sendoff mama wa binti alinipigia simu. "Mwanangu, albamu nzuri sana, Mungu akuzidishie. Ila ile ya baba anacheza sijaiona, umeiweka wapi?" Nilikuwa nimeomba kwa mgeni mmoja picha aliyoipiga kwa simu, yenye mkono wa mtu mbele na uso wa mzee uliofifia, na ndiyo niliyokuwa nimeiweka ukurasa wa mwisho. Nikamwambia afungue ukurasa wa mwisho. Alinyamaza kidogo, akasema, "Aa, kumbe huyu ni yeye."

Juzi, kwenye status ya yule kijana, ambaye sijui kwa nini bado nimehifadhi namba yake, ilipita picha ya betri zilizopangwa safu juu ya kaunta ile ile ya kioo, na chini yake maneno: Mzigo mpya umeingia, orijino. Nikajikuta nimemwandikia, "Ya kampuni ipo?" na nikaufuta ujumbe haraka. Jibu lilifika kabla sijaiweka simu chini.

"Karibu dada, ni zile zile."