German Shepherd au mbwa wa kienyeji: yupi anafaa kwako?

Ukiwa na uwanja mpana wenye ukuta pale Njiro au Sakina jijini Arusha, German Shepherd atakuvutia. Alianza kuzalishwa rasmi Ujerumani mwaka 1899 kwa kazi ya kuchunga kondoo, kwa hiyo akili yake inataka shughuli. Dume hufikia kilo 30 hadi 40. Wengi humnunua kwa ajili ya ulinzi, kisha wanamfungia bandani mchana kutwa, na hilo linaniuma sana. Akikosa mazoezi na mafunzo hubweka ovyo, huchimba bustani, na anaweza kuwa mkali hata kwa ndugu waliokuja kuwasalimia. Manyoya yake ni ya tabaka mbili: baridi ya Arusha ya Julai haimsumbui, lakini joto la Moshi la Februari humchosha, hivyo mtembeze alfajiri au jioni. Anaweza pia kurithi tatizo la nyonga. Kabla ya kulipia mtoto, omba kuwaona wazazi wake wakitembea.

Wa kienyeji ana manyoya mafupi, mwili mwepesi na hula kidogo. Kwa familia ya kipato cha kawaida, isiyo na mtu wa kumtembeza mbwa kila siku, ningemchagua huyu bila kusita. Mtu akigusa geti anabweka, na nyumba nyingi hazihitaji zaidi ya hapo. Ila kupe humwambukiza magonjwa kama mwenzake, na chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima kwa wote wawili.