Ndege nyuki tatu za ukoo wa Mavic nilizozitumia kupimia mashamba

Kazi yangu ni kupima viwanja na mashamba ya mkonge upande wa Pangani, na tangu mwaka 2020 nimerusha ndege nyuki (droni) tatu za ukoo wa Mavic, unaotengenezwa na kampuni ya DJI ya Shenzhen, China.

Ukoo huo ulianza mwaka 2016 na Mavic Pro, ambayo mikono yake minne ilikunjwa ikaingia kwenye mkoba wa kawaida, ilhali Phantom zilizoitangulia zilibebwa kwa sanduku. Mwaka 2018 ikaja Mavic Air ya gramu 430, kisha Mavic 2 kwa sura mbili: Pro, yenye kamera ya Hasselblad na sensa (kihisi cha mwanga) ya inchi 1, na Zoom, yenye lenzi ya kuvuta. Mavic Mini ya 2019 ilikuwa na gramu 249, pungufu kwa gramu moja tu ya kiwango cha 250 ambacho Marekani hutumia kudai usajili wa ndege za burudani. Japani, ambako wakati huo sheria ilianzia gramu 200, iliuziwa Mini ya gramu 199 yenye betri ndogo zaidi. Hapo mwanasheria alichora ndege zaidi kuliko mhandisi.

Nilianza na hiyo Mini, nikavutiwa na wepesi wake, hadi siku moja ya kusi nilipoiachia iende na upepo juu ya mto bila kufikiria safari ya kurudi. Imetengenezwa kuhimili upepo wa mita 8 kwa sekunde, na kosa lilikuwa langu. Nilisimama ukingoni nikiangalia asilimia za betri zikishuka huku ndege ikionekana imeganda angani, nikaishusha chini karibu na usawa wa mikoko, ambako upepo ulikuwa hafifu, ndipo ikaanza kusogea.

Mavic 2 Pro, yenye gramu 907, ilinitibu hofu hiyo, na picha zake zilikuwa safi. Lakini shata yake (kifunga mwanga cha kamera) ya kielektroniki husoma picha mstari baada ya mstari, hivyo nikiongeza mwendo mistari ya mkonge ilikuwa ikipinda kidogo, na ramani ikapinda nayo. Nililazimika kuruka polepole na kutandika chini alama nyingi nilizokwisha kupima mahali pake, ili kuinyoosha ramani.

Mavic 3 Enterprise ya 2022 ndiyo niliyotulia nayo. Ina shata ya mitambo, hupiga picha kila baada ya sekunde 0.7, na moduli ya RTK, yaani kifaa cha kusahihisha vipimo vya setilaiti papo hapo, ambayo hununuliwa kando, huandika mahali pa kila picha kwa usahihi wa sentimeta chache, kwa hiyo alama zangu za chini zimebaki za kuhakikia tu. Kwa mpigapicha wa harusi ni gharama isiyo na maana. Kwa mpimaji inajilipa.

Mini bado ninayo. Huirusha alfajiri, upepo ukiwa umelala, kumwonyesha mteja shamba lake kabla hatujapatana bei.