Nilivyoisoma The Dry nikimsimulia mama, Njoro

Kitabu hiki nilikipata kwa muuzaji wa vitabu vya mitumba mjini Nakuru, shilingi 300, jalada limekunjika pembe. Nilisoma ukurasa wa kwanza nikiwa nimesimama. Nzi wamejaa kwenye shamba la mkulima, na kwao mzoga wa mnyama na maiti ya mtu ni kitu kimoja. Nikalipa, nikapanda matatu ya Njoro nikiwa tayari nimefika sura ya pili.

Mwandishi wake ni Jane Harper, aliyekuwa mwanahabari wa gazeti huko Melbourne. Ndiyo riwaya yake ya kwanza, ilitoka 2016, na mwaka uliofuata ikapewa Gold Dagger, tuzo kubwa ya Uingereza ya hadithi za uhalifu.

Kisa chenyewe kiko Kiewarra, mji mdogo wa wakulima nchini Australia ambao mwandishi ameubuni. Mvua imekataa kwa miaka miwili. Mkulima Luke Hadler amekutwa amekufa kwa risasi. Mkewe Karen na mwanawe Billy, mtoto wa miaka sita, wameuawa nyumbani. Kitoto Charlotte, ambaye bado hajajua kuongea, kimeachwa hai. Mji umeshakata shauri: Luke ameua familia yake, kisha akajiua. Anakuja mazishini rafiki yake wa utotoni, Aaron Falk, polisi wa kuchunguza uhalifu wa fedha, na nia yake ni kuondoka upesi kabla hajatambuliwa na watu wengi. Miaka 20 nyuma msichana wa miaka 16, Ellie Deacon, alitolewa mtoni amekufa, na ikapatikana karatasi yake iliyoandikwa jina Falk. Aaron na Luke walisema siku hiyo walikuwa pamoja wakiwinda sungura. Haikuwa kweli. Mzee Gerry, baba yake Luke, anajua haikuwa kweli, na ndiye aliyemwandikia Aaron barua fupi ya kumwita.

Mama hasomi Kiingereza, kwa hiyo kila jioni nilimsimulia nilipofika, yeye akichambua maharagwe. Siku ya kwanza tu aliinua uso akaniuliza, "Na huyo mtoto mchanga wamemwacha kwa nini? Mtu aliyechoka na dunia kiasi hicho hachagui." Sikumjibu, maana hilo ndilo swali linalomsumbua Falk pia, pamoja na Raco, yule sajini mgeni wa pale mjini. Tangu hapo mama hakunikubalia nilale kabla sijampa sura mbili.

Kilichonishika hasa si nani aliyeua. Ni jinsi watu walivyoamini haraka. Nimekulia kwenye ngano, na mwaka mmoja mvua ilikatika ngano yetu ikiwa haijatoa masuke. Baba alikuwa na deni la mbegu na mbolea. Akanyamaza karibu wiki nzima, anakaa chini ya mti na daftari lake. Jirani mmoja, mama mwenye roho nzuri kabisa, akaja jikoni akamnong'oneza mama afungie dawa za shambani. Baba alikuwa akipiga hesabu tu, na msimu uliofuata alilima. Lakini laiti angekutwa amekufa wiki ile, kwa sababu yoyote ile, hakuna ambaye angeuliza swali la pili. Harper anaujua ukweli huu mpaka ndani. Ukame umewafanya watu wa Kiewarra wamwone kila baba mwenye deni kama mtu anayeweza kufanya lolote, na muuaji hahitaji maficho mengine. Lisemwalo lipo, ndivyo mji unavyomhukumu Luke, na ndivyo ulivyomhukumu Aaron na baba yake hadi wakahama.

Kuna mahali Falk anakwenda kuutazama ule mto, mto mkubwa aliokulia, uliomchukua Ellie. Anakuta hakuna maji. Hapo nilifunga kitabu. Mto wetu wa Njoro unashuka kutoka Mau kwenda Ziwa Nakuru, na kiangazi kikikaza, sehemu za chini hubaki mawe matupu na nyayo za mbuzi. Nilipomsimulia mama alinyamaza, halafu akanitajia mahali walipokuwa wakiteka maji akiwa msichana.

Kasoro zipo. Mambo ya zamani yamechapishwa kwa herufi za mlalo, na kwenye nakala yangu iliyofifia yalinitesa macho, hasa stima zilipopotea nikawa nasomea tochi ya simu. La uzito zaidi ni kwamba vipande hivyo humwonyesha msomaji mambo ambayo hakuna aliyemwambia Falk. Ninapofumbua fumbo pamoja na mpelelezi nataka tuwe na ushahidi sawa. Grant Dow naye, binamu yake Ellie, ni mkorofi kuanzia mwanzo hadi mwisho bila upande wa pili. Na kama huwezi kuvumilia habari za mtoto kuuawa, kiache, kwa sababu Billy hatoki akilini.

Muuaji sikumjua mpaka Harper alipotaka nimjue. Mama alikuwa amemtaja siku mbili kabla, na alipopata uhakika hakufurahi hata kidogo. Alitaka kujua kitu kimoja: Charlotte atalelewa na nani. Nikarudi nyuma nikamtafutia kila mahali wanapotajwa Gerry na mkewe Barb, bibi na babu wanaomzika mwana huku mji ukiwakwepa macho, nikamsomea polepole, nikitafsiri mstari kwa mstari.

Falk anarudi katika Force of Nature, kilichotoka 2017. Yule muuzaji wa Nakuru hana. Nimemwachia namba yangu ya simu, na kila nikirudi kutoka mjini mama hunitazama mkoba kwanza.