Tathmini ya huduma ya Traffic Penalty Tribunal kwa madereva walioadhibiwa kwa kamera za halmashauri

Dereva wa England anayeletewa kwa posta ilani ya adhabu kwa kupinda palipokatazwa, au kwa kusimama ndani ya mistari ya manjano ya makutano, ana haki ya kuuliza halmashauri imepata wapi mamlaka juu ya makosa yaliyozoeleka kuwa ya polisi. Niliitumia huduma ya Traffic Penalty Tribunal, baraza linaloamua rufaa za Wales na za England nje ya London, na ninaisifu hasa kwa sababu inalipa swali hilo uzito unaostahili.

Msingi wa mamlaka hayo ni Sehemu ya 6 ya Sheria ya Usimamizi wa Trafiki ya mwaka 2004. London ilikuwa na sheria yake ya mwaka 2003, lakini kwingineko England vifungu vinavyohusu magari yaliyo katika mwendo havikutumika hadi tarehe 31 Mei 2022, kanuni zake zilipoanza kufanya kazi. Hata baada ya hapo, halmashauri haijipi uwezo huo: huuomba kwa Waziri wa Uchukuzi na kutajwa katika amri maalumu, ikiwa imekwisha kukusanya maoni ya wananchi kwa wiki zisizopungua 6. Serikali pia inaitaka itoe onyo tu kwa kosa la kwanza katika kila eneo jipya la kamera, kwa miezi 6 ya mwanzo. Mwendo kasi haumo kabisa katika mamlaka haya.

Barua ya halmashauri iliyoniandikia ilitaja sheria kwa mstari mmoja, bila kueleza lolote kati ya hayo. Kwenye mfumo wa baraza, kinyume chake, halmashauri huweka ushahidi wake mahali ambapo mlalamikaji anauona, ikiwamo video, na mwamuzi, ambaye ni mwanasheria asiyeajiriwa na halmashauri, anaweza kuufuta wito wa malipo ikiwa kosa halikutendeka, ikiwa amri iliyoweka katazo hilo barabarani ni batili, au ikiwa utaratibu ulikiukwa. Huduma hii haina malipo, na asiyetaka rufaa yake iamuliwe kwa maandishi pekee anaweza kuomba kusikilizwa kwa simu au kwa video. Naona huo ni ulinzi wa kweli, kwa kuwa adhabu hii ni ya madai, si ya jinai, na bila baraza hili halmashauri ingekuwa mshitaki na hakimu kwa pamoja.

Kasoro kubwa haitokani na baraza bali na kanuni zenyewe. Adhabu ya pauni 70 hupungua hadi pauni 35 kwa anayelipa ndani ya siku 21, na anayeendelea hadi rufaa kwa kawaida hulipoteza punguzo hilo. Mtu mwenye hoja nzuri lakini kipato kidogo anasukumwa kulipa kabla hajasikilizwa, na hilo si haki. Vilevile, mwenye sababu ya kuonewa huruma, kama mgonjwa aliyekuwa akikimbizwa hospitali, asitarajie mwamuzi kuifuta adhabu kwa sababu hiyo peke yake. Anachoweza mwamuzi ni kupendekeza halmashauri ifikiri upya, nayo hupewa siku 35 za kujibu.